Theluji ya Sufi

Waliponikabidhi tamthilia ile ya nyimbo,
kongwe kuliko mama yangu, ya majukwaa ya Niuyoki,
nilidhani kazi ni maneno.
Kumbe kazi ni vidole.
Miezi minne, chumbani Keko, nagonga meza,
nahesabu,
maana muziki wao humalizia kwa kishindo kimoja,
mguu mmoja sakafuni, basi,
na Kiswahili hakijui kwisha hivyo:
hukaza silabi ya pili kutoka mwisho
kisha hushuka pole, kama mtu anayeacha mlango wazi
kwa ajili ya anayekuja nyuma.

Penye neno lao la pigo moja mimi nina u-pe-ndo, matatu.
"Tuliongezee noti," akasema Desderi,
mpiga kinanda wa kwaya ya Chang'ombe.
Mwongozaji akakunja uso: noti za marehemu haziguswi.
Desderi akazigusa usiku, kwa penseli.
Ndipo nikarudi kwenye nane kwa nane alizonifunza baba, Pangani:

    Kodi sina, nina moyo, mwenye nyumba nisubiri,
    usinitoe kwa choyo, theluji yaleta shari.

Ikakaa. Si sawasawa, ila ikakaa,
kama kofia ya kuazima.

Makoti tuliyapata Karume, mtumba wa asubuhi,
mazito, yananuka kabati la mtu.
Ndani ya mfuko mmoja, glavu ya mtoto, ya kushoto.
Hakuna aliyesema kitu. Tunu akairudisha mfukoni
na mazoezi yote akacheza nayo.

Theluji ndiyo iliyotutoa jasho.
Aikande wa Machame peke yake aliwahi kuiona,
mlimani, kwa mbali,
akaapa haikuwahi kumwangukia.
Karatasi ilianguka kama karatasi.
Povu la sabuni lilimtelezesha Mpoki.
Siku tatu kabla, Bi Mwanakheri wa mavazi
akaja na mto wa sufi, akaupasua kwa mkasi mbele yetu.
"Aliyekuwa akiulalia ameshaondoka," akasema. "Chukueni."

Usiku wa kwanza, Februari, bohari ya zamani Temeke,
viti vya plastiki mia na themanini,
feni zimezimwa zisipeperushe theluji.
Mimi nyuma ya pazia, tochi mdomoni, daftari magotini:
mkumbushaji.
Tunu, ndani ya koti, jasho limefika kidevuni,
akaimba kodi sina,
na mama mmoja wa safu ya tatu akainuka,
akapanda jukwaani kwa madaha, mkono juu,
akamtuza elfu kumi kwenye paji la uso.
Ikanata.

Mchezo mzima umesimama juu ya kodi isiyolipwa.
Tunu akaibandua noti, akaitazama,
akampa mwenye nyumba.
Mpoki akabaki ameishika, sharubu za gundi zinaning'inia.
Akageuka kwangu.
Nikapekua daftari. Halimo. Watu kimya.
Nikanong'ona lisiloandikwa popote:
"Miezi sita. Kwa mkupuo."

Akalisema. Ukumbi ukapasuka.
Mtu akapaza sauti, "Huyo namjua, ana nyumba Tandika!"
Kiitikio kiliporudi walikipokea wote,
na pale mwishoni, penye silabi yangu ya ziada,
Desderi alinyanyua mikono, akawaachia.

Kisha sufi ikaanza kushuka.
Haikushuka kama theluji; sijui theluji hushukaje.
Ilikawia hewani, ikanata mabegani,
kwenye nyusi zenye jasho, kwenye gundi ya Mpoki.
Bi Mwanakheri, kando yangu, sindano kifuani,
hakutazama juu kama wengine.
Alitazama inakoangukia.

Saa nne usiku alikuwa bado amepiga magoti
akichambua sufi kwenye makoti, unyuzi kwa unyuzi,
akiirudisha ndani ya gunia la kesho.
Nikainama kumsaidia.
"Hiyo ya kwenye glavu," akasema, "iache."